Magofu ya mawe, mahame ya msitu: njia ya miguu ya Bugala ionyeshe nini?

Wapo wanaotaka kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote katika visiwa 84 vya Ssese vya Ziwa Victoria, Uganda, kipate njia ya miguu iliyofyekwa vizuri, yenye mabango, ngazi na mabaki ya kale yaliyojengwa upya, ili mgeni anayeshuka feri pale Lutoboka apate la kufanya zaidi ya kukaa mchangani. Wapo wanaowajibu kwamba msitu ukishafyekwa kwa ajili ya mgeni haurudi, na kwamba ukuta uliopakwa saruji mpya si historia tena. Swali hilohilo linaigusa ngome ya Patiko kule Gulu, aliyoitumia msafiri Mwingereza Samuel Baker kuanzia 1872, na linayagusa mahandaki ya kale ya Bigo bya Mugenyi. Kila upande una hoja nzito. Ila wote wanaanza na bango na panga, wakati jambo la kwanza ni kujua ardhini kumebaki nini, na kilichobaki ni cha nani.

Mfano mzuri wa kupimia hoja zao uko mbali sana nasi. Kisiwa cha St. John katika Bahari ya Karibi kilikaliwa na Wadenmark tangu 1718 hadi 1917, Marekani ilipokinunua pamoja na visiwa jirani kwa dola milioni 25. Tangu 1956 sehemu kubwa ya kisiwa ni hifadhi ya taifa, na njia yake inayojulikana zaidi ni ya Reef Bay. Huanzia barabara ya Centerline, mgongoni mwa kisiwa, ikashuka bondeni hadi ufukweni. Kwenda tu ni kama kilometa 3.5, na mshuko wake ni takriban mita 285. Ukigawanya unapata wastani wa asilimia 8, lakini wastani huo unadanganya: kipande cha mwisho karibu na ghuba ni tambarare, kwa hiyo sehemu ya juu ina mteremko mkali kuliko hesabu inavyoonyesha.

Hapo ndipo watembeaji wengi wanapokosea. Wanashuka asubuhi chini ya kivuli, miguu ikiwa mipya, wakafika baharini kwa saa mbili na chupa moja ya maji. Kisha wanageuka kupanda mita zilezile 285 mchana, bondeni ambako upepo haufiki na jasho halikauki. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Lita 3 kwa kila mtu ndicho kipimo cha busara, na lita moja na nusu kati ya hizo isiguswe kabla ya kugeuka. Kwa miaka mingi matembezi yaliyoongozwa na walinzi wa hifadhi yalimaliziwa kwa boti ya kuwarudisha watu bandarini Cruz Bay, na sababu yake ni mlima huu wa kurudi.

Njiani mtembeaji anapita mabaki ya mashamba ya miwa, kisha kijia cha pembeni cha kama nusu kilometa kinampeleka kwenye vidimbwi vilivyo chini ya maporomoko, ambako Wataino, wenyeji wa visiwa kabla ya Wazungu, walichonga nyuso kwenye mwamba. Aliyefika kwenye michoro ya miambani ya Nyero, kule Kumi, ataona tofauti mara moja: Nyero ni rangi iliyopakwa, huku ni jiwe lililochimbwa. Mwisho wa njia kuna kiwanda cha sukari. Kilianza kwa kinu cha kuzungushwa na wanyama, na katika miaka ya 1860 kikafungiwa injini ya mvuke ambayo bado ipo, imeshika kutu. Maji ya miwa yaliteremka kwenye chumba cha kuchemshia, penye safu ya masufuria ya shaba kuanzia kubwa hadi dogo. Yalitekwa kwa upawa kutoka moja hadi jingine kadiri yalivyozidi kuwa mazito. Mtu wa Busoga hahitaji maelezo marefu, kwa kuwa vinu vya sukari guru vinaifanya kazi hiyohiyo hadi leo.

Kiwanda kile kilijengwa shambani kwa sababu muwa ukishakatwa huanza kuchacha, na usipokamuliwa ndani ya siku moja hivi sukari inapotea. Na kikakaa karibu na bahari kwa sababu mapipa yalipakiwa botini. Tunda la mchikichi nalo liko hivyo: likichelewa kufika kinuni zaidi ya saa 24 asidi inapanda na mafuta yanashuka daraja. Ndiyo maana Bugala ina kinu chake cha mawese kisiwani. Kinu ndicho kinachoamua barabara ipite wapi, wafanyakazi walale wapi na msitu ubaki wapi, iwe ni St. John ya karne ya 19 au Kalangala, wilaya ya visiwa vya Ssese, ya leo.

Magofu ya Reef Bay yana kasoro moja isiyorekebishika kwa chokaa. Kilichosimama pale ni mali ya mwenye shamba: kiwanda, jumba lake, kuta za mawe zilizochanganywa na matofali ya kutoka Ulaya na vipande vya matumbawe. Waliovikata vile vipande, wakachoma matumbawe kupata chokaa na kuvuna miwa usiku na mchana walikuwa Waafrika watumwa, nao waliishi katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa nyasi. Nyumba hizo zimeyeyuka. Watu haohao waliasi tarehe 23 Novemba 1733, wakaishika sehemu kubwa ya kisiwa kwa miezi kadhaa kabla ya askari wa Kifaransa kuletwa kuwavunja, na uhuru ukatangazwa tarehe 3 Julai 1848. Mtu anayetazama kuta tu anaondoka na kumbukumbu ya tajiri. Wanaodai kwamba magofu yanajieleza yenyewe wamekosea hapa. Magofu husema yale ambayo jiwe liliweza kuyabeba, basi.

Sasa tuwape haki yao wanaotaka kufyeka na kujenga. Hoja yao ya kwanza ni usalama, nayo ni ya kweli. Ukuta usio na paa hunywa mvua kwa juu. Maji yanashuka katikati ya ukuta, yanaosha udongo au chokaa iliyoshikilia mawe, na siku moja tumbo la ukuta linavimba upande mmoja. Mgeni akiuegemea kupiga picha, unaanguka. Hoja ya pili ni mti. Mbegu ya mti wa jamii ya mkuyu, ikidondoshwa na ndege juu ya ukuta, hutuma mizizi ndani ya nyufa na kuyasukuma mawe kadiri inavyonenepa. Ukiuacha miaka 20, huna ukuta, una mti uliokumbatia kifusi. Hoja ya tatu ni ya fedha: mgeni hulipia anachokiona, na kilichozikwa na vichaka hakionekani.

Lakini kazi hiyo ina mkono wake, na mikono mingi huiharibu. Kosa la kwanza ni kung'oa mzizi. Mzizi ulioingia ukutani ndio unaoushikilia ukuta kwa wakati ule. Ukivutwa, mawe yanakuja nao. Njia sahihi ni kukata shina wakati wa kiangazi, kupaka dawa kwenye kisiki papo hapo, kuacha mizizi ife na kukauka mahali pake, kisha kuondoa tu vipande vinavyotoka bila nguvu na kujaza matundu siku hiyohiyo. Kosa la pili ni saruji. Inauzwa kila duka na inakauka haraka, kwa hiyo fundi anaipenda. Ila saruji ni ngumu kuliko tofali la kuchoma na haipitishi unyevu. Maji yaliyomo ukutani yanatafuta pa kutokea, yanapitia kwenye uso wa tofali lenyewe, na baada ya misimu michache uso unabanduka kama gamba huku mistari ya saruji ikibaki imechomoza. Ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, na hufunikwa magunia yenye maji kwa wiki nzima au zaidi ili ukomae taratibu. Chokaa tunayo nchini: Muhokya kule Kasese huichoma. Kinachokosekana ni subira na fundi aliyefundishwa.

Upande wa pili, wanaosema acha kama kulivyo, wana hoja ninazoziona nzito zaidi kwa visiwa vyetu. Kivuli kwanza. Miti ikiondolewa kando ya njia, ardhi iliyokuwa na majani makavu inapigwa na mvua moja kwa moja, na magugu ya juani yanayohitaji kufyekwa kila mwezi yanaota mahali ambapo kivuli kilikuwa kikiyazuia bure. Kufyeka ni gharama isiyokwisha. Pili, popo na ndege wanaoishi katika magofu hufukuzwa na kazi ya ujenzi, na mara nyingi hawarudi. Tatu, kila kinachojengwa upya kinahitaji mtu wa kukitunza baada ya mfadhili kuondoka. Bango lenye kutu na daraja lenye ubao uliooza ni hatari kuliko njia isiyo na bango wala daraja, kwa sababu mgeni aliviamini.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba kuacha nako ni kuchagua. Mahali pasipo na alama pana kawaida ya kuchimbwa usiku na watafuta dhahabu za kufikirika, matofali yake hubebwa kujengea majiko, na barabara mpya hupitishwa juu yake bila yeyote kulaumiwa. Kisichojulikana hakilindwi.

Pande zote mbili zinazungumza juu ya ukuta na mti, na zinalisahau lililo chini ya miguu yao. Njia za kitropiki huuawa na maji. Kijia kinachoshuka moja kwa moja na mlima hugeuka mfereji katika msimu mmoja wa mvua: watu wanakanyaga, majani yanaondoka, maji yanafuata alama ya miguu, korongo linachimbika, na watembeaji wanapanua njia kwa kupita pembeni kukwepa tope. Baada ya miaka mitatu una jeraha la upana wa mita nne. Dawa yake inajulikana na haihitaji mashine. Njia ikate mlima kwa mshazari, mteremko wake usizidi nusu ya mteremko wa mlima wenyewe, na kwa jumla usipite asilimia 10. Uso wa njia uinamie upande wa bonde kwa asilimia 3 hadi 5, ili maji yavuke njia badala ya kuifuata. Kila baada ya mita 15 au 20 njia ipande kidogo kabla ya kuendelea kushuka. Hicho kituta kidogo kinayalazimisha maji yatoke. Pale ambapo mlima ni mkali mno, yalazwe mawe kwa mshazari wa nyuzi 45, yakiwa yamezikwa theluthi mbili, na mdomo wa kutokea maji uzibuliwe kabla ya Machi na tena kabla ya Septemba. Ngazi ziwe na kimo cha sentimeta 15 hadi 18. Zaidi ya hapo wazee na watoto wanazikwepa, na ukwepaji huo unaanzisha korongo jipya. Shilingi ya kwanza ya mradi wowote iende hapa, kabla ya bango na kabla ya ukuta.

Bugala basi. Anayeitafuta Reef Bay pale ataikosa, na si hasara. Historia ya mashamba ya kisiwa hiki haikuandikwa kwa mawe. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliwaua watu wapatao 250,000 kandokando ya ziwa upande wa Uganda. Robert Koch, daktari Mjerumani, alikuja Ssese mwaka 1906, akakaa hadi 1907 akiwadunga wagonjwa Atoxyl, dawa yenye aseniki iliyowapofusha baadhi yao. Serikali ya Gavana Hesketh Bell ikaamua kuwahamisha watu kwenye fukwe, kisha visiwani, na kufikia 1909 Ssese ilikuwa imemwagwa bara. Watu walianza kuruhusiwa kurudi baada ya miaka kama kumi. Katika miaka hiyo migomba ilikufa, nyumba za fito zikaoza, na msitu ukatembea juu ya viwanja.

Kiswahili kina neno la mahali pa namna hii: mahame. Waganda husema amatongo. Hame halina ukuta, lakini lina miti, na miti ndiyo nyaraka zake. Mutuba mkubwa uliosimama peke yake au katika mstari ulipandwa na mtu, kwa kuwa gome lake ndilo lilifuliwa kuwa nguo na mti wenyewe ulitiwa mpakani. Oluwaanyi, kile kichaka chenye majani marefu yanayong'aa, ni alama ya mpaka wa kiwanja, na hukaa palepale vizazi na vizazi. Buni ya robusta ni mzaliwa wa kandokando ya ziwa hili. Katika Buganda punje zake zilitafunwa na watu wawili wakila kiapo cha omukago, yaani undugu wa damu. Mbuni mzee uliorefuka kutafuta mwanga katikati ya msitu hauthibitishi peke yake kwamba palikuwa na shamba, kwa sababu ndege na nyani nao hupanda. Ukiuona pamoja na mutuba na oluwaanyi katika eneo la hatua 50, hapo umesimama uani kwa mtu.

Hapa ndipo ninapoegemea. Njia ya Bugala ifuate mahame, na isitafute kuta za kujenga upya ili ifanane na visiwa vya watu wengine. Msimamo huu una gharama zake. Picha ya mti haivutii kama picha ya ngome, na mgeni asiye na mtu wa kumweleza atapita hame kumi akidhani ni vichaka. Kwa hiyo njia hii inahitaji kiongozi wa lazima, na hilo lina ubishi wake. Kiongozi wa lazima humwongezea mgeni gharama, humfunga kwa saa, na pale mafunzo yalipo duni humlisha hadithi za kubuni. Mwanafunzi wa Kalangala anayetaka kuona kiwanja cha babu wa babu yake asitozwe kama mtalii wa Ulaya. Hata hivyo, bila kiongozi historia yenyewe haipo. Vikundi visizidi watu kumi kwa kiongozi mmoja, kwa kuwa zaidi ya hapo wa nyuma hasikii na anaanza kupita nje ya njia. Wenyeji walipwe kutokana na kiingilio chenyewe. Hifadhi zetu za taifa tayari hutoa asilimia 20 ya viingilio kwa jamii zinazozizunguka, basi kanuni si ngeni. Kwa njia ya kijiji, ambayo haina hifadhi kubwa ya kuendesha, sehemu ya wenyeji inapaswa kuwa kubwa kuliko hiyo.

Na michikichi isifichwe. Tangu katikati ya miaka ya 2000 sehemu kubwa ya Bugala imepandwa michikichi. Mpango ulikuwa hekta 10,000, kati ya hizo 6,500 za shamba kuu na 3,500 za wakulima wadogo. Wanaotetea watasema kwa haki kwamba ilileta barabara, feri na kipato cha kila mwezi kwa nyumba zilizotegemea samaki peke yake. Wanaopinga watasema, nao kwa haki, kwamba msitu na nyika vilikwenda, na mahame mengi yalikwenda navyo kabla ya yeyote kuyaandika. Njia inayokwepa mashamba hayo ili mgeni aone kijani cha asili tu inamficha nusu ya kisiwa. Ipite ukingoni mwa michikichi kwa nusu kilometa, mtu alione jua kali la mistari iliyonyooka baada ya kutoka kwenye kivuli. Hapo atauelewa uchumi wa kinu kwa ngozi yake.

Kwa anayekwenda kutembea leo, kabla mradi wowote haujaanza, mambo machache ya lazima. Kwa ratiba iliyozoeleka feri ya MV Kalangala huondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na huchukua kama saa tatu na nusu, kwa hiyo siku ya kufika si siku ya kutembea. Anza kesho yake saa moja asubuhi. Hapa uko mita 1,134 au zaidi juu ya usawa wa bahari, joto si la Karibi, na lita 2 zinatosha kwa nusu siku. Mvua ndiyo ya kuogopwa: ziwa huzaa radi, na dhoruba hufika upesi. Ukisikia ngurumo toka ufukweni na kwenye nyika, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, hata kama ni mutuba wenye hadithi nzuri. Chomeka suruali ndani ya soksi, maana siafu huvuka vijia vya msituni hasa baada ya mvua, na ukisimama kusoma mti juu ya mstari wao utajuta. Usiingie majini kwenye majani na matete kunawa tope la miguu. Kichocho hutoka kwa konokono wanaoishi hapohapo, na dakika chache zinatosha kuambukizwa. Nawa kwa maji ya chupa au ya kisima.

Ukanda wa mita 200 kutoka ufukwe wa ziwa unalindwa na kanuni za mazingira za mwaka 2000, kwa hiyo vibanda na ngazi za saruji ambavyo wapanga mipango wangependa kuvichora ufukweni haviwezi kukaa pale. Hilo linasukuma njia ipande juu, kwenye mgongo wa kisiwa, ambako ndiko viwanja vya zamani vinakotarajiwa. Kazi ya kwanza ni ya kiangazi cha Desemba hadi Februari, majani yanapopungua na ardhi kuonekana: wazee wawili watatu wa kila kijiji, kijana mwenye simu ya kupima mahali, na kamba ya kufunga kila mutuba na kila mstari wa oluwaanyi watakaouonyesha. Ramani hiyo itangulie panga.